Mwenye Chelezo Ndiye Mwenye Ziwa



Nimeombwa niseme habari za vita vya majini katika ziwa letu. Nitazisema, ila nitaingia kwa mlango wa karakana. Wanaosimulia vita vya Ziwa Tanganyika hupenda kuanza na mizinga na makapteni. Nimezisoma habari hizo kwa miaka mingi, na kila nikizirudia naona jambo lile lile: aliyetawala ziwa hili, katika kila zamu ya historia yake, ni yule aliyekuwa na chelezo. Kwa chelezo nakusudia ule mteremko wa ufukweni, wa magogo au wa reli, ambako meli huundwa, huvutwa juu inapotoboka, hutengenezwa, kisha hushushwa tena majini.

Sababu yake iko katika umbo la ziwa lenyewe. Lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani ni Baikal peke yake linalolizidi kwa kina. Pamoja na ukubwa huo, halina njia ya meli kwenda baharini. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, nao hauwezi kupitisha meli. Kwa hiyo kila meli ya chuma iliyowahi kuelea hapa ilifika kwa nchi kavu: juu ya vichwa vya wapagazi, juu ya reli au, kama tutakavyoona, tumboni mwa ndege. Baharini, admirali akipoteza meli huagiza nyingine. Hapa meli ikipotea imepotea, na anayeweza kuitengeneza iliyoharibika anamzidi yule mwenye nyingi zisizo na fundi.

Nianze na kisiwa. Simaanishi Ubwari, ingawa Richard Burton, alipopita huku na Speke kwa mitumbwi mwaka 1858, aliuona mkono ule wa nchi akadhani ni kisiwa, akauandika hivyo. Wabwari wangeweza kumweleza kwamba kwao kunafikika kwa miguu. Kisiwa ninachokisema ni Kavala, upande huu huu wetu wa magharibi, ukishuka kusini kuelekea Kalemie. Hapo ndipo ilipokuwa idara ya vyombo ya shirika la misheni la London Missionary Society, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipoanza historia ya karakana za ziwa hili.

Mtu wake mkuu alikuwa Edward Coode Hore, baharia wa kusomea, aliyefika Ujiji mwaka 1878. Alianza na alichokikuta: chombo cha wenyeji alichokitia tanga akakiita Calabash. Mwaka 1883 aliteremsha majini Morning Star, mashua ya chuma iliyobebwa vipande kutoka pwani. Kisha ikaja meli ya mvuke, Good News, iliyoundwa Liendwe upande wa kusini wa ziwa na kuteremshwa mwezi wa 3, 1885. Fundi wake, James Roxburgh, alifariki mwaka huo huo kabla ya kuiona ikitembea kwa moto wake wenyewe. Mitambo ilifungwa baadaye, na aliyekuja kuikamilisha kazi hiyo ni mhandisi Alexander Carson. Hore na mkewe Annie, pamoja na mtoto wao mdogo, walihamia Kavala, wakaishi hapo miaka kadhaa, vyombo vya misheni vikitia nanga chini ya nyumba yao.

Kwa nini kisiwa? Kwa sababu chombo kilichovutwa juu hakina ulinzi. Hakiwezi kukimbia, na vifaa vyake, shaba, misumari, kamba, ni mali inayotamanika. Kisiwa kinakupa maji ya kukuzunguka kama boma, na upande mmoja wake daima umejikinga na upepo. Lakini kisiwa kina kasoro ambayo Wamisionari waliiona upesi: watu ni wachache, chakula ni cha kuvushwa, mbao ni za kuvushwa, na fundi akiugua hakuna wa kushika patasi yake. Kavala haikudumu. Nawaomba mkumbuke kasoro hiyo, kwa maana itarudi mwishoni tutakapojiuliza chelezo cha pwani hii kikae wapi.

Wajerumani walijifunza somo hilo kwa njia nyingine. Meli yao ya kwanza ya chuma ziwani, Hedwig von Wissmann, iliundwa Hamburg, ikaletwa vipande kwa njia ya Zambezi na Ziwa Nyasa, halafu kwa wapagazi, ikaelea mwaka 1900. Kwa miaka kumi na minne meli hiyo ya tani 60 hivi ilikuwa chombo cha serikali. Mwezi wa 2, 1914, reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma, na mambo yakabadilika. Vyuma, makaa na mafundi viliweza kufika ufukweni kwa siku chache. Kigoma ikawa na kile ambacho Kavala haikuwa nacho: chelezo chenye reli mgongoni.

Vita vilipozuka, kazi ya kwanza ya Hedwig ilikuwa kuwanyima wengine vyombo. Tarehe 22 mwezi wa 8, 1914, ilikwenda Lukuga ikaipiga Alexandre Delcommune, meli ya Wabelgiji, ikawa haifai tena kusafiri. Mwezi wa 11 Wajerumani walikwenda kusini wakaharibu meli za Waingereza huko. Wabelgiji walikuwa na meli nyingine kubwa, Baron Dhanis, lakini ilikuwa bado vipande. Hawakuthubutu kuiunganisha, kwa kuwa meli iliyo juu ya chelezo ni shabaha isiyosogea. Kwa mwaka mzima na zaidi, pwani hii yote kutoka Uvira hadi Moba ilitazama moshi wa meli za Kigoma ukipita bila kuwa na la kufanya. Wajerumani walikuwa na vyombo vitatu vya maana: Hedwig, Kingani iliyoletwa kwa reli kutoka pwani ya bahari, na Graf von Götzen, ambayo nitaitafutia nafasi yake peke yake.

Jibu la Waingereza mmelisikia, maana limeandikiwa vitabu na hata riwaya. Boti mbili za mota zenye urefu wa mita 12 hivi, Mimi na Toutou, zilitoka Uingereza mwezi wa 6, 1915, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Zilishuka Cape Town, zikapanda reli hadi Fungurume kule Katanga, kisha zikavutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe kupita milima ya Mitumba. Njiani yalijengwa madaraja zaidi ya mia moja. Vitabu vya Kizungu husema Spicer-Simson alizipitisha boti milimani. Walioyakata magogo ya madaraja hayo, waliovuta kamba pale ng'ombe waliposhindwa, waliobeba maji ya matrekta wakati wa kiangazi, ni watu wa Katanga kwa mamia, na majina yao hayakuandikwa popote. Nasema hivi bila kumpunguzia yule afisa haki yake. Nataka tu hesabu ikamilike.

Boti zilipofika ziwani mwishoni mwa mwezi wa 10 hazikuteremshwa majini mara moja. Na hapa naomba mnisikilize vizuri, ndugu mafundi. Kwa karibu miezi miwili, kikosi kile kilichokuja kupigana hakikupigana. Kilijenga. Kalemie, kusini ya mdomo wa Lukuga, walivunja mawe ya mlimani wakayamwaga ziwani kuzuia mawimbi, wakatengeneza bandari ndogo na mahali pa kuteremshia na kuvutia boti. Upepo wa kusini unavyopiga ufukwe ule mnaujua. Boti nyepesi ya mbao isiyo na kinga ingepasuka usiku wa kwanza.

Wajerumani waliona kuna jambo. Afisa wao, Job Rosenthal, alisogea karibu na Lukuga mwanzoni mwa mwezi wa 12, akaogelea usiku kwenda kutazama kwa macho yake kile kilichokuwa kikijengwa ufukweni. Alikamatwa. Afisa wa jeshi la majini alihatarisha uhai wake, katika maji yenye mamba, ili aone chelezo cha adui. Alijua habari ilikuwa hapo.

Boti ziliteremshwa tarehe 22 na 23 mwezi wa 12. Tarehe 26 Kingani ilikuja, ikapigwa, kapteni wake akafa, na mapigano yakaisha kwa dakika chache. Ilifikishwa bandarini imetobolewa, maji yanaingia, karibu kuzama. Na ndipo kikafanyika kile ninachokiona kuwa tendo kubwa kuliko mapigano yenyewe: mafundi wakaivuta, wakaziba tundu, wakaifungia mzinga mkubwa zaidi ya ule iliokuja nao, wakaiita Fifi. Wiki sita baadaye, tarehe 9 mwezi wa 2, 1916, Hedwig ilitoka Kigoma kuja kutafuta habari za mwenzake aliyepotea. Ikakutana naye. Fifi, meli ya Wajerumani jana, ndiyo iliyokuwa mbele katika kuiwinda Hedwig hadi ikazama. Wabelgiji nao waliitengeneza Delcommune ile iliyopigwa mwaka 1914 na kuipa jina la Vengeur, yaani mlipiza kisasi. Kwa hiyo katika kikosi kilicholishika ziwa mwaka 1916, vyombo viwili vilikuwa vimefufuliwa na karakana.

Sasa Götzen. Meli hii ilijengwa Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, mwaka 1913. Ilipomalizika ilifunguliwa tena, ikapakiwa katika masanduku 5,000 hivi, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kufuata reli hadi Kigoma. Pamoja na masanduku walikuja mafundi watatu wa Papenburg: Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann. Watu watatu tu kutoka Ujerumani, na nyuma yao mamia ya vibarua Waafrika waliojifunza kupiga ribiti hapo hapo, chuma kwa chuma, chini ya jua la Kigoma. Meli ya zaidi ya mita 70 ilishuka majini tarehe 5 mwezi wa 2, 1915. Baadaye ilifungiwa mzinga wa sentimita 10.5 uliotolewa katika manowari Königsberg, iliyozama Rufiji mwezi wa 7 mwaka huo. Spicer-Simson alipoiona Götzen kwa mara ya kwanza hakuisogelea.

Lakini Kigoma iliponzwa na kile kilichoipa nguvu. Reli iliyoleta vyuma ndiyo iliyokatwa. Ndege za majini za Wabelgiji, zilizokuwa na kituo chao karibu na Mtoa, ziliishambulia bandari kutoka juu katikati ya mwaka 1916, na majeshi yao yakateremka kutoka Burundi. Mzinga mkubwa ulikwisha kuondolewa kwenda vitani nchi kavu. Kamanda Gustav Zimmer akaamuru meli izamishwe. Tarehe 26 mwezi wa 7, 1916, ikazamishwa karibu na mdomo wa Malagarasi, na siku mbili baadaye Wabelgiji wakaingia Kigoma.

Kabla ya kuizamisha, mafundi walifanya jambo moja. Waliipaka mitambo yote grisi nene. Kila pistoni, kila bomba, kila kiungo, wakakifunika kwa grisi kama anayemfunika mtoto kabla ya safari ya usiku, kisha wakaishusha taratibu ikiwa na mchanga tumboni. Adui alikuwa amekaribia, reli inakatika, na watu wale wakatumia saa zao za mwisho kuhifadhi kazi ya mikono yao. Huo ndio ufundi. Askari anauona mwisho wa vita. Fundi anaiona meli, na meli bado ina maisha.

Wabelgiji waliiinua, ikazama tena katika dhoruba. Waingereza walipokabidhiwa Kigoma waliiinua mwaka 1924, wakafungua mitambo, wakakuta grisi imefanya kazi yake. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la upande wa kusini wa ziwa. Mnaifahamu. Wengi waliomo humu ukumbini wamelala juu ya sitaha yake. Mwaka 1997, vita vya kumwondoa Mobutu vilipokwisha, Umoja wa Mataifa uliikodi kuwarudisha wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma hadi Uvira, na watu zaidi ya 75,000 walivuka. Kuna familia za Fizi na Baraka zilizorudi nyumbani juu ya meli iliyookolewa na grisi ya mwaka 1916, ingawa injini zake za mvuke zilikuwa zimekwisha kubadilishwa kuwa za dizeli katika miaka ya 1970.

Vita vya pili vya majini katika ziwa hili ni vya kwetu zaidi, na vinasimuliwa kidogo mno. Nasema juu ya mwaka 1965.

Waasi wa Simba, waliokuwa wakipigana na serikali ya Kongo, waliishika Albertville, yaani Kalemie ya leo, katikati ya mwaka 1964, wakaipoteza mwezi wa 8 mwaka huo huo. Walipoipoteza walipoteza mji, naam, lakini walipoteza pia karakana ya meli ya upande wa Kongo. Kilichobaki mikononi mwao ni pwani hii: Baraka, Kazimia, Kibamba. Pwani ndefu, nzuri, yenye wavuvi hodari, na isiyo na chelezo hata kimoja cha kuvutia chombo cha chuma. Silaha, dawa, chakula, wapiganaji, vyote vilitoka Kigoma, kilomita kama 50 za maji, usiku, kwa boti za mota.

Che Guevara alitua Kibamba mwezi wa 4, 1965, na Wakuba wenzake kuwasaidia waasi. Katika maandishi yake ya Kongo, habari za boti na mota mbovu zinajirudia mara kwa mara. Mota zilikuwepo, mafundi hawakutosha, vipuri havikuwepo. Tarehe 7 mwezi wa 6, Leonard Mitoudidi, kiongozi ambaye Che mwenyewe alimwona kuwa mtu wa mpango na nidhamu, alizama ziwani karibu na Kibamba. Uasi ule ulipoteza mmoja wa vichwa vyake bora si kwa risasi. Nimekuwa nikiwaza juu ya kifo hicho kwa muda mrefu, kwa sababu kila mzee wa pwani hii anaweza kutaja mtu wake aliyekwenda vivyo hivyo.

Upande wa pili, ule wa serikali, Wamarekani walifanya yale yale ya Spicer-Simson, ila kwa haraka. Boti za vita za aina ya Swift, za alumini, zenye urefu wa mita 15 hivi, zilikatwa vipande Marekani, zikapakiwa ndani ya ndege, zikaunganishwa tena kwa kuchomelewa huko Albertville. Mabaharia walikuwa Wakuba waliomkimbia Castro. Aliyewaongoza ni James Hawes, afisa wa jeshi la majini la Marekani, kwa niaba ya CIA. Kazi ya matengenezo, ya ndege na ya boti, ilikabidhiwa kampuni iliyoitwa WIGMO, iliyosajiliwa Liechtenstein, nchi isiyo na bahari wala ziwa la maana. Boti hizo zilipoanza doria, njia ya Kigoma ikabanwa. Mwisho wa mwezi wa 9, 1965, mamluki wa Mike Hoare walishuka kutoka majini karibu na Baraka. Walipata upinzani mkali kuliko walivyozoea, na hilo watu wa Fizi wanastahili kulikumbuka. Lakini mwezi uliofuata Fizi yenyewe ilianguka, na tarehe 21 mwezi wa 11 Che alivuka kurudi Kigoma.

Wapo wanaosema uasi ule ulishindwa kwa mafarakano ya viongozi, na wapo wanaotaja imani ya dawa ya kuzuia risasi. Yote yana ukweli. Mimi naongeza kwamba jeshi linaloishi kwa kuvuka maji, halafu likawa halina pa kuvutia boti zake wala wa kuzifungua mota, lina miezi michache tu ya kuishi. Laurent Kabila, aliyebaki na wenzake katika milima ya Fizi kwa miaka mingi baada ya hapo, aliendelea kuitegemea Kigoma vile vile.

Hali yetu leo? Mafundi wa mbao tunao. Nendeni ufukweni mtawaona: bwato limelazwa ubavu juu ya magogo, kijana amepiga magoti, anasukuma pamba katika ufa wa mbao mbili kwa patasi butu, anagonga taratibu asije akaipasua, halafu anapigilia ukanda wa bati juu yake, msumari kwa msumari. Hiyo ni kazi ya heshima, nayo ina elimu ndani yake. Lakini bwato hilo linavutwa na watu thelathini wanaoimba, na likiwa kubwa zaidi halivutiki, kwa hiyo linaachwa majini hadi lioze chini ya mkuku. Mota ikifa kabisa, mwenye nayo anaipakia katika bwato la mwenzake kwenda Uvira, Kalemie au Kigoma. Abiria wanaendelea kupanda kilichopo.

Ninachowaomba wakubwa wa territoire, na wale wa mashirika wanaotujia kila mwaka na mabati na mahema, ni chelezo kimoja kwenye pwani ya Fizi, cha raia, chenye winchi, chenye chumba cha mota na mwalimu wa kufundisha vijana. Mahali pake pabishaniwe. Ghuba ya Burton, kati ya Baraka na Ubwari, imekingwa na upepo wa kusini, na barabara inafika Baraka. Kwa hoja hiyo Baraka inatushinda sisi wa Kazimia. Kazimia iko wazi zaidi kwa mawimbi, lakini ndiyo iliyo njiani kwa vyombo vya kwenda Kalemie na Kigoma. Ubwari una utulivu wa maji, lakini una tabu ile ile ya Kavala: kila mbao na kila lita ya mafuta ni ya kuvushwa. Mimi ningechagua Baraka kwa chelezo kikubwa, na Kazimia tuanze na winchi na karakana ya mota.

Na popote kitakapojengwa, wahandisi wapime vizuri maji. Hore alipofika mwaka 1878 alilikuta ziwa liko juu sana, baada ya mlango wake wa Lukuga kuzibwa. Kizuizi kikaachia, na katika miaka iliyofuata maji yakashuka kwa mita kadhaa, bandari za zamani zikabaki nchi kavu. Katika miaka hii yetu yamepanda, yameingia nyumbani mwa watu Uvira, Baraka na Kalemie. Reli za chelezo zinapaswa ziende mbali chini ya maji na zipande mbali juu ya mchanga kuliko mkandarasi atakavyotaka kulipia, na winchi ifungwe juu ya mwamba, nyuma kabisa ya alama ya maji ya mwaka 2024 ambayo kila mwenye nyumba ya ufukweni anaweza kuwaonyesha ukutani.